Katekista na Asali ya Jirani Yangu

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na hata huko mwalimu alikuwa akisoma daftari langu akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, maana maneno yangu yakifika katikati ya mstari huanza kupanda mlima. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua jioni tatu, na jioni mojawapo huwa ni ya kutafuta kalamu. Ukifika mahali usipoelewa, ruka tu uendelee. Huenda hata mimi hapo sikuelewa.

Nataka kuandika habari za Katekista wa kigango chetu hapa Unyambwa. Jina lake silitaji. Sote tulimwita Katekista, na nadhani hata mume wake, ambaye sasa ni marehemu, alimwita hivyo hivyo, kwa sababu siku moja nilimsikia akiita kutoka shambani, "Katekista, jembe uliliweka wapi?" Alikuwa mwanamke. Nalisema mapema kwa sababu wageni waliokuja kumtafuta walikuwa wakimpita yeye mlangoni na kwenda kumwamkia mume wake, na yule mzee alikuwa akiwaelekeza kwa mkono bila kuacha kula. Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, sijui. Sikumuuliza. Mimi kumuuliza mtu mzima swali ni kazi ya siku mbili: siku ya kwanza kulipanga, siku ya pili kuliacha.

Alikuwa mfupi, mwenye kutembea haraka, na begani alining'iniza mfuko wa sandarusi wenye katekisimu, kitabu cha nyimbo na karanga za kukaanga. Alifundisha huku akitafuna. Aliomba kwa Kiswahili na kukemea kwa Kinyaturu, kwa hiyo hata aliyekuwa amesimama mbali alijua tumefikia wapi. Amri za Mungu alitufundisha zote akitafuna, hata ile ya kutoua. Alipofika amri ya nane, ile ya kutomshuhudia jirani uongo, alifunga mdomo wa mfuko, akapangusa mikono, akasema hiyo ndiyo amri inayovunjwa na watu wanaosali.

Niliingia darasa lake la kipaimara nikiwa na miaka kumi na tisa, kati ya watoto wa miaka kumi na miwili, kwa sababu miaka yote iliyotangulia nilishindwa kwenda kuandikisha jina. Nilikaa nyuma. Magoti yangu yalifika juu ya benchi la mbele, na mtoto aliyekaa hapo aliyafanya mahali pa kuegemea.

Amri hiyo aliifundisha kwa namna yake. Alimwita mmoja wetu, akamgeuza uso ukutani, kisha akamwambia mwingine aseme jambo lolote juu yake. Halafu yule wa ukutani anageuzwa, na msemaji anatakiwa kurudia maneno yale yale akimtazama machoni. Alisema neno linaloshindwa kurudiwa, hilo lichunguze. Wengi walishindwa, wakaanza kukwaruza sakafu kwa kidole cha mguu. Zamu yangu ilipofika, binti mmoja mdogo alisema natembea kama kuku aliyenyeshewa. Nikageuzwa. Akanitazama machoni, akarudia bila shida yoyote. Katekista akafikiri kidogo, akasema, "Huyu hana dhambi." Darasa lote likacheka, nami nikarudi kutazama ukuta kwa hiari yangu.

Nyumbani kwake alikuwa na desturi moja iliyomponza. Ukienda na habari ya mtu asiyekuwepo, alikusikiliza mpaka sentensi ya kwanza ikaisha, kisha akasimama, akakaza kitenge chake kiunoni, akasema, "Twende." Twende wapi? Kwake huyo unayemsema, ukamwambie mimi nikiwapo. Na hakuwa akitania. Wengine walifika nusu ya njia naye, wakakumbuka wameacha chungu motoni. Mama mmoja alikumbuka chungu hicho akiwa amebeba chungu chake cha pekee mkononi. Baada ya miaka michache hakuna aliyempelekea umbeya tena.

Na hapo ndipo ilipokuwa taabu yake, kwa maana Katekista alipenda habari kuliko karanga. Alikiri mwenyewe. Alituambia, "Mimi ni mmbeya niliyeacha. Mlevi aliyeacha ndiye anayejua pombe imepikwa nyumba ipi." Ungemkuta amekaa nje Jumapili alasiri, watu wakipita wawili wawili wakinong'ona, naye akiwafuata kwa macho kama mtoto anayetazama wenzake wakila. Aliwahi kuniita akaniuliza kama kuna jipya. Nikasema hakuna. Akashusha pumzi, akasema nimekuwa kijana mwema mno, niende zangu.

Kitu kingine kilichowashangaza watu ni kwamba juu yake mwenyewe alidanganya bila haya. Alikuwa na hadithi ya fisi ambaye yeye alimfukuza kwa mwavuli alipokuwa akitoka kufundisha. Mwaka nilioanza darasa fisi alikuwa mmoja. Ilipofika sikukuu ya mavuno walikuwa watatu, na mmoja ana mimba. Mtoto mmoja akamuuliza mbona amri ya nane inakataza. Akajibu, "Amri imesema jirani. Mimi si jirani yangu." Lakini nadhani padre alimwambia neno, kwa kuwa kila Kwaresima fisi walirudi kuwa mmoja, na baada ya Pasaka walizaana tena.

Ulimi wake ulikuwa mkali mbele ya mtu. Alimwambia mwenyekiti wa jumuiya yetu, mama mmoja mnene mwenye sauti, kwamba anaimba kama mlango. Mimi alinishika bega siku moja mbele ya kanisa. Watu walikuwa wamezoea kunisifu kwa upole, na mama mmoja alikuwa akinisifu wakati huo huo. Katekista akaniambia, "Wewe huna upole. Wewe una woga. Usivichanganye, vitakuja kukudanganya." Nikaitikia ndiyo, kwa upole.

Sasa nifike kwenye asali, maana bila hiyo nisingeandika.

Jirani yangu ni mama mjane anayeuza asali. Uzio wa minyaa tu ndio unaotutenganisha. Mizinga yake anaitunza kaka yake porini, upande wa Itigi, na yeye anakamua hapa nyumbani na kuuza jumuiyani, mitaani na kwa mfanyabiashara mmoja wa sokoni Singida Mjini. Watoto wake watatu wamesoma kwa asali hiyo. Jina lake nalo silitaji. Limeshatajwa vya kutosha, na mtajaji wa kwanza ni mimi.

Ilikuwa msimu wa kupura alizeti. Tulikuwa kwa mwenyekiti, watu kama kumi na watano, tumezunguka turubai tunapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Mtu akasema asali ya jirani yangu mwaka huu ni nyepesi. Ilikuwa kweli, na mwenyewe alikuwa akiwaambia wateja kwamba ni kwa sababu ya mvua. Mwenyekiti akanigeukia, akasema, "Wewe si unakaa naye ukuta kwa ukuta? Huwa unaona nini?"

Nikasema nilimbebea sukari. Mfuko mzima, kwa baiskeli.

Fimbo zikasimama. Nataka unielewe hapo msomaji. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyeacha kazi ili anisikilize. Hata mama yangu hunisikiliza huku akipepeta. Na sasa watu kumi na watano wametulia, wananitazama mdomo. Nikasikia mwili wangu unarefuka. Nikaongeza kwamba niliona sufuria kubwa motoni. Nikanyamaza kidogo, kama nilivyoona padre akifanya, kisha nikamalizia kwamba harufu ya asali ilifika mpaka kwangu. Mwenyekiti akauliza taratibu, "Kwa hiyo anachemsha na sukari?"

Mimi nikainua mabega.

Nilijua sukari ile ilikuwa ya sherehe. Mtoto wake wa mwisho alikuwa anapokea komunio ya kwanza, na maandazi yalipikwa, na mimi mwenyewe nilikula saba. Nilijua sufuria ilikuwa ya nta, maana masega yakishakamuliwa huchemshwa ili kupata nta, na yakichemka ni lazima yanukie asali. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Lakini kuyasema kungefanya fimbo zianze tena.

Neno likatembea. Wiki hiyo hiyo mfanyabiashara wa sokoni alirudisha ndoo mbili. Kwenye jumuiya jirani yangu alileta asali ya kunywea chai, na ilirudi nyumbani kama ilivyokuja, hata kijiko hakikuchovywa. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Jumamosi tatu zilizofuata hakuja. Siku moja alinisimamisha kwenye minyaa, macho yamemwiva, akaniuliza, "Mwanangu, wewe unakaa na vijana, unasikia mambo. Ni nani ananisema?"

Nikainua mabega tena. Mabega yangu yalikuwa yameshazoea.

Jumanne iliyofuata asubuhi nilikuwa nafyatua matofali, tope mpaka kwenye viwiko. Nikaona Katekista anakuja amekaza kitenge, na nyuma yake wanawake watano wamefuatana kama wanaokwenda msibani, mwenyekiti akiwa wa mwisho. Alikuwa ameanzia kwa wa kwanza: umesikia kwa nani? Twende. Na wa pili: umesikia kwa nani? Twende. Hivyo hivyo mpaka mwenyekiti, na mwenyekiti akawaleta kwangu.

Niliwaamkia wote, shikamoo kila mmoja kwa zamu, polepole, nikitumaini zingechukua mpaka mchana.

Katekista akasema, "Huyu amesikia kwa huyu, na huyu kwa huyu, na mwenyekiti kasikia kwako. Wewe umesikia kwa nani?"

Nikageuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine. Kulikuwa na tope tu.

"Sikusema uongo, Katekista," nikasema. "Sukari nilibeba. Sufuria niliiona. Harufu niliisikia."

"Sukari ilikuwa ya nini?"

"Ya maandazi ya komunio."

"Ulikula?"

"Saba."

"Na sufuria?"

"Ya nta."

Wanawake wakaguna. Katekista akatazama matofali yangu yaliyoanikwa, akasema, "Wewe ni fundi. Matofali matatu mazuri, hata moja halina ufa, na nyumba uliyojenga ni ya uongo. Nawa mikono twende."

Tulimkuta jirani yangu anasugua sufuria. Alituona saba tumesimama uani, akabaki ameishika ile sufuria kifuani. Mimi nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, ingawa njia yenyewe ni hatua ishirini. Lakini Katekista alinitangulia. Na kile alichosema sikukitegemea, wala hao wanawake.

"Mama, nimekuja kukuungamia," alisema. "Huyu atasema yake. Mimi nilisikia wiki tatu zilizopita kwamba kijana asiyesema ameona. Nikaamini. Nikasema mtu asiyesema akisema, ni kweli. Sikukaza kitenge. Niliacha hata kutia asali yako kwenye uji wangu, na nimefundisha amri hii tangu huyu hajazaliwa."

Alisema hayo akimtazama machoni, ila mikono ilikuwa ikifungua na kufunga mdomo wa mfuko wa sandarusi. Kisha akanisukuma mbele.

Mimi niliongea vibaya. Nilianza na maandazi, nikaenda kwenye nta, nikarudi kwenye maandazi. Mwisho nikasema ni mimi. Jirani yangu akaiweka sufuria chini. Alikuwa hajajua. Mpaka dakika hiyo alikuwa akinidhania mtu pekee wa mtaa ambaye hakumsema.

"Nimesamehe," akasema. "Wote nimewasamehe. Lakini msamaha wangu haujui njia ya kwenda kwa wateja. Nani atawaambia?"

Katekista alinitazama mimi, na wale wengine wote wakanitazama mimi. Ilikuwa mara ya pili maishani mwangu, na safari hii mwili haukurefuka.

Basi nikaanza kwenda nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza nilisimama uani, maneno yakagoma kutoka, mpaka mwenye nyumba akadhani nimekuja kuazima jembe. Akanipa jembe. Nikapokea, nikashukuru, nikaenda nalo nyumbani. Kesho yake nililirudisha, na ndipo nikasema nilichotumwa na dhamiri yangu, kwa haraka, nikiwa nimeshageuka kuondoka. Nilipomweleza Katekista alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nyumba ya pili nisipokee chochote.

Nilizunguka wiki mbili. Nilichojifunza ni hiki: niliposema uongo kwa mabega, waliamini papo hapo. Niliposema kweli kwa mdomo, waliniuliza, "Amekupa nini huyo mama?" Mzee mmoja aliniambia palipo moshi hapakosi moto, nami sikuweza kumjibu kwamba moshi ule ulikuwa wa nta. Nililipata jibu hilo usiku, kitandani, kama ninavyopata majibu yangu yote. Sokoni nilikwenda na Katekista, na mfanyabiashara alitusikiliza, akasema ataona. Aliona baada ya miezi minne. Wateja wengine walirudi, wengine mpaka leo hawajarudi. Jirani yangu ananisalimia vizuri. Lakini mzigo wa sukari siku hizi anamwita kijana mwingine, na ana haki.

Miaka imepita kidogo. Katekista amestaafu, miguu imemwishia, na anakaa Utemini, kule mjini, kwa binti yake. Mwezi uliopita nilipanda baiskeli kwenda kumwona. Nilimkuta sebuleni, miguu juu ya kigoda, mfuko wa sandarusi umetundikwa kwenye msumari. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akataka habari. Nikaanza za kwangu. Akasema za kwangu anazijua, ni fupi. Halafu akaacha kutafuna karanga zake.

Akanieleza kwamba wiki hiyo binti yake alikuwa na mgeni kutoka Mkalama. Walikuwa wakinywa chai, na mgeni akawaonya, kwa nia njema kabisa, wasinunue asali ya Unyambwa. Kuna mama kule, akasema, anaipika kwa sukari, tena na maji ya ziwani. Akamtaja jirani yangu kwa jina lake lote, mpaka la ubatizo. Katekista akamuuliza ni nani aliyeona. Mgeni akajibu ni mzee mmoja wa kanisa, mtu mzima, mwaminifu sana.

Kwa kweli nilitaka kucheka. Mimi, ambaye mpaka leo naogopa kuomba chumvi, kule Mkalama nimeshakuwa mzee wa kanisa. Katekista mwenyewe alicheka kwanza. Kisha akasema neno ambalo tangu siku hiyo nimekuwa nikilisikia hata nikiwa kwenye tope.

"Jina lako lilidondoka njiani, mwanangu. La kwake limefika salama."

Akaendelea kwamba yeye alimweleza yule mgeni kweli yote, na mgeni alisikitika, lakini alikuwa ameshawaambia wengi huko atokako, na hao nao wana midomo. Akasema, "Mimi huko sifiki tena. Na wewe na baiskeli hiyo hufiki. Andika."

"Katekista, mimi naandika polepole."

"Vizuri. Mbio ulishakwenda."

Nilimuuliza niandike nini, na sikutumia siku mbili kuuliza. Akasema niandike yote, kisha akaninyooshea kidole. "Na mimi usinipambe. Ukiandika mema yangu matupu, umenishuhudia uongo na mimi. Zile wiki tatu uziweke."

Nimeziweka, Katekista. Nimezisoma mara mbili, zipo.

Basi wewe unayesoma, popote ulipo, Mkalama, Iramba, Manyoni au mbali zaidi: kama umewahi kusikia kwamba kuna mama wa Unyambwa anayechemsha asali na sukari, si kweli. Aliyeona si mzee wa kanisa. Ni mimi, na nilichoona kilikuwa nta na maandazi. Nakuomba uniandikie. Usijali mwandiko, umeshauona wangu. Niambie tu ulisikia nyumba gani na ulimwambia nani, ili nami niwaandikie hao. Barua iache kwenye kigango chochote cha Singida, juu yake andika "kwa yule wa asali". Watajua ni nani. Nimeshawaambia wote.